Jiko Ndani ya Trela: Hewa Kwanza, Sufuria Baadaye

Leo tunaingia jikoni, ila jiko lenyewe lina magurudumu. Nazungumzia trela la mizigo, lile la bati linalovutwa nyuma ya gari, ambalo watu wa Marekani na Kanada wanaligeuza kuwa chumba cha kusafiria. Mtu hununua trela la kufungwa lililotengenezwa kubebea zana za useremala, pikipiki au samani. Anakata madirisha, anabandika povu gumu la kuzuia baridi, anatandika kitanda, anafunga taa, na likizo ikifika anaondoka na familia yake kutoka jimbo hadi jimbo bila kulipia hoteli.

Wenzetu wanaozungumza Kiswahili walioko huko nao wamo katika shughuli hii, na ninawaelewa. Trela la mizigo huwa nafuu kuliko trela la kambi lililojengwa kiwandani. Mtu mwenye mkono wa ufundi anaweza kulitengeneza uani kwake, na siku ukiondoa godoro linarudia kazi yake ya kubeba mizigo. Zaidi ya hayo, sisi ni watu wa chakula cha moto. Siku tatu za mikate ya dukani na chipsi za njiani humchosha mtu aliyezoea wali, mchuzi na chai ya maziwa. Kwa hiyo kitanda kikishatandikwa, swali linalofuata ni jiko: niliweke wapi, na nipikie nini, gesi au umeme?

Jibu langu ni kwamba jiko lisiwe jambo la kwanza. Anza na hewa, fuata gesi, kisha uzito, na sufuria zije mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume. Hununua jiko zuri la plati mbili, hulitafutia mahali penye nafasi, na suala la moshi na mvuke hulikumbuka siku ya kwanza ya kupika, mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya mvua. Nitaeleza kwa nini mpangilio huo ni wa hatari, kisha nitawageukia wasikilizaji walioko nyumbani Afrika Mashariki, maana haya yanawahusu hata kama hawatavuta trela maisha yao yote.

Tulitazame trela lenyewe. Kipimo kinachopendwa sana ni futi 6 kwa 12, yaani mita 1.8 kwa 3.7 hivi, na kimo cha kumtosha mtu mzima kusimama. Eneo lake la sakafu ni dogo kuliko chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 ambacho wengi wetu tumekulia. Ukuta wake ni karatasi nyembamba ya alumini iliyopigiliwa kwenye fremu ya chuma, na kwa ndani plaiwudi. Likitoka kiwandani mara nyingi halina dirisha hata moja. Lilijengwa lisiingize mvua wala vumbi, kwa sababu shehena haihitaji kupumua. Binadamu anahitaji, na moto unahitaji zaidi.

Hewa yote iliyomo ndani ya trela hilo ni takriban mita za ujazo 12. Sasa washa jiko la gesi. Gesi inayotumika huko ni propani. Kila kilo moja ya propani inayoungua vizuri hutoa kama kilo 3 za kaboni dioksidi na zaidi ya lita moja na nusu ya maji katika hali ya mvuke. Ukipika kwa saa mbili kwenye plati moja ya kawaida utachoma karibu theluthi ya kilo. Moto peke yake umeshamwaga nusu lita ya maji hewani, na bado hujahesabu mvuke unaotoka chini ya kifuniko cha sufuria.

Mvuke huo huenda wapi? Nje kuna baridi ya Oktoba, bati la paa limepoa, na ndani umechemsha wali. Mvuke hugusa bati na kugeuka matone. Matone hutiririka juu ya boriti za chuma, hupenya nyuma ya plaiwudi, hulowesha povu ulilobandika kwa jasho lako, na baada ya miezi michache godoro linanuka ukungu. Kifuniko cha sufuria kitapunguza mvuke, na kuta zilizofunikwa vizuri zitachelewesha matone, lakini dawa hasa ni kuutoa mvuke nje kabla haujagusa bati.

Hilo la unyevu ni hasara ya mali. Kuna linalochukua uhai. Hewa ikipungua, moto hauwaki vizuri tena, na hapo huzaliwa kaboni monoksidi. Gesi hii haina harufu, haina rangi, wala haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara zaidi ya 200. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hudhani ni uchovu wa safari, hujilaza apumzike, na haamki. Ndiyo maana nasema bila kulegeza: jiko la kupikia lisigeuzwe kuwa la kuotea moto usiku, hata baridi iwe kali namna gani. Na jiko la mkaa lisivuke kizingiti cha trela, hata makaa yakionekana yamefifia. Makaa yaliyofifia ndiyo yanayoendelea kutoa sumu hiyo kimyakimya.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayetengeneza jiko la trela ni kutoboa. Panahitajika matundu mawili, moja juu na moja chini. Lile la juu ni la feni ya paa, na feni nyingi za matrela hukaa kwenye tundu la mraba la inchi 14, ambalo ndilo kipimo cha kawaida madukani huko. Iweke karibu na jiko na uigeuze ivute hewa kwenda nje. La chini ni dirisha au tundu lenye wavu, upande wa pili wa trela, ili hewa mpya iingie na kupita juu ya kitanda kuelekea jikoni. Feni bila tundu la kuingizia hewa hujichosha bure. Utaratibu wa mpishi uwe mmoja kila mara: fungua dirisha, washa feni, ndipo uguse kiberiti.

Tuingie kwenye gesi yenyewe. Propani ni nzito kuliko hewa, uzito wake ni kama mara moja na nusu. Ikivuja haipandi darini bali hushuka sakafuni, hujaza pembe na kujificha chini ya kitanda. Ikifika kiasi cha asilimia 2 tu ya hewa, cheche inatosha kuilipua. Nimepiga hesabu ya lile trela letu la mita za ujazo 12: nusu kilo ya gesi ikichanganyika na hewa yote iliyomo, trela zima limekuwa bomu. Mtungi wa kawaida wa kambi huko Marekani ni wa pauni 20, yaani kilo 9. Fanya mgawanyo mwenyewe.

Kwa sababu hiyo mtungi hukaa nje. Mahali pake ni mbele, kwenye ile pembetatu ya chuma inayounganisha trela na gari. Usimame wima, ufungwe kwa mkanda au fremu ya chuma, valvu ikielekea juu. Huko hata ukivuja, upepo huichukua gesi. Kutoka mtungini kuna regyuleta, kisha bomba linalopita chini ya sakafu, na bomba liingie ndani mahali pale jiko lilipo, pasiwe na viungo vingi vya kufichwa nyuma ya kabati. Kila kiungo ulichofunga kipakwe povu la sabuni huku gesi ikiwa imefunguliwa. Ukiona mapovu yanavimba, kiungo kinavuja. Funga gesi, kaza, upime tena. Usipime kwa kiberiti. Ukinunua mtungi wa mkono wa pili, tazama tarehe iliyogongwa kwenye kola yake, kwani mtungi una umri, na ukipita muda wake hautajazwa mpaka ukaguliwe.

Nunua pia ving'ora viwili. Cha kutambua propani kifungwe chini, karibu na sakafu, kwa sababu gesi hiyo hushuka. Cha kaboni monoksidi kikae karibu na kichwa cha anayelala, mbali kidogo na jiko. Bei ya vyote viwili ni ndogo ukilinganisha na ya trela, na ndivyo walinzi pekee wasiosinzia. Mkiondoka kambini, valvu ya mtungi ifungwe kabla gari halijawashwa. Zipo barabara ambazo sheria yenyewe inakukumbusha hatari ya gesi: katika mahandaki ya Baltimore, jimbo la Maryland, chombo kilichobeba mtungi wa propani unaozidi pauni 10 hakiruhusiwi kupita. Zamani wenye mitungi hiyo walipitia daraja la Francis Scott Key. Daraja hilo liligongwa na meli na kuanguka tarehe 26 Machi 2024, na tangu hapo wamelazimika kuuzunguka mji kwa upande wa pili. Mwenye trela lenye jiko apange njia yake akilikumbuka hilo.

Sasa tunaweza kuuliza jiko likae wapi. Ninaamini mahali bora kwa matrela mengi ni nyuma kabisa, mlangoni, mpishi akiwa amesimama nje.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1866 huko Texas, mfugaji Charles Goodnight, aliyeswaga ng'ombe masafa marefu, alichukua gari la farasi lililokuwa la jeshi akalitengeneza upya kwa ajili ya mpishi. Nyuma yake alifunga kabati la droo na vijisanduku vya unga, kahawa, chumvi na maharage. Mlango wa kabati hilo ulikuwa na bawaba kwa chini. Ukifunguliwa ulilala ukawa meza. Moto uliwashwa chini, hatua chache kutoka hapo. Mpishi alisimama penye hewa, vyombo vyote vikiwa mbele ya macho yake, na watu wakala bila mtu kuingia garini. Katika miaka ya 1930 Wamarekani walipoanza kutengeneza vitrela vidogo vya kulala watu wawili, walirudi kwenye mpango uleule: kitanda ndani, jiko nyuma, chini ya mfuniko unaoinuliwa juu.

Trela la mizigo limekaa tayari kwa mpango huo, kwani mlango wake mkubwa uko nyuma. Kama ni wa vipande viwili vinavyofunguka kushoto na kulia, ukivifungua nusu vinakuwa kuta mbili za kukinga upepo. Hapo jenga kaunta yenye kimo cha sentimita 90 kutoka pale mpishi anaposimama, na kumbuka kwamba anasimama ardhini wakati sakafu ya trela iko juu ya magurudumu. Wengi husahau tofauti hiyo, wakajenga kaunta inayomfika mpishi kifuani. Ya kwako ipime kwa kiwiko: mkono ukiwa umekunjwa, meza iwe chini ya kiwiko kwa upana wa kiganja hivi.

Kuna wanaopendelea jiko ubavuni, karibu na mlango mdogo, wapike ndani siku za mvua na theluji. Sababu yao naiheshimu, na anayeishi ndani ya trela miezi mingi hawezi kukwepa kupika ndani. Yeye basi ayazingatie maradufu niliyosema juu ya feni na dirisha. Ukuta ulio nyuma ya jiko auvike bati la chuma lililoachiwa nafasi ya hewa kati yake na plaiwudi, kwa kuwa lile povu la kuzuia baridi hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Asitundike pazia karibu. Na kitanda kisiwe kati ya jiko na mlango wa kutokea, wala jiko lisiwe kati ya kitanda na mlango. Moto ukizuka, mtu aliyelala apate njia ya kukimbilia bila kulazimika kuupita.

Naomba nikupeleke mahali nilipoyaona haya yamefanywa vizuri. Ni kwa dada mmoja mzaliwa wa Lubumbashi anayeishi Ohio na mumewe dereva wa malori. Trela lao ni la futi 6 kwa 12. Nyuma, mume amejenga kaunta ya plaiwudi nene, na juu yake jiko la plati mbili limefungwa kwa skrubu nne. Nilitaka kujua kwa nini skrubu, wakati majiko ya kambi yametengenezwa ya kukunja na kubeba. Dada hakujibu kwa maneno. Alibandika sufuria ya maji, yakachemka, akamimina unga, akaanza kusonga bukari, yaani ugali. Mwiko ulikuwa mrefu, mabega yake yakafanya kazi, sufuria ikasukumwa kushoto na kulia. Kaunta haikutikisika. Pembeni mwa kila plati mumewe alikuwa amesimamisha vipande viwili vya chuma cha pembe, na masikio ya sufuria yalikuwa yanaegemea hapo, ikashindwa kuzunguka. Yule aliyeunda jiko la kambi alifikiria kikaangio cha mayai na birika la kahawa. Hakumfikiria mtu anayesonga ugali wa watu sita. Jiko lenye miguu myembamba juu ya meza ya kukunja litapinduka na maji ya moto yatamwagikia watoto. Anayepika chakula chetu afunge jiko lake mpaka liwe imara kwa chakula chetu.

Nalipeleka somo hilo mbele kidogo, kwa yale majiko madogo ya plati moja yanayotumia kopo la butani linalopachikwa ubavuni. Yanapendwa kwa wepesi wake. Lakini sufuria yetu ya pilau ni pana. Ukiibandika hapo hutokeza nje ya jiko na kulifunika kopo, joto hurudi chini, kopo hupata moto na linaweza kulipuka. Jiko hilo ni la sufuria ndogo tu, lisiwe la karamu. Tena butani hukataa kuwa gesi hali ya hewa inapokaribia nyuzi sifuri, kwa hiyo asubuhi ya baridi jiko huzima polepole. Ndipo mtu anapata kishawishi cha kuliingiza kopo kwenye blanketi au kulipasha. Asifanye. Propani hubaki gesi hadi nyuzi 42 chini ya sifuri, na ndiyo inayofaa mahali pa baridi.

Na umeme je? Jiko la induksheni halina moto wala kaboni monoksidi, na kwa sababu hiyo ninalipenda. Lakini hesabu yake iko wazi. Betri moja ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba takriban wati-saa 1,280. Jiko la plati moja la huko huvuta hadi wati 1,800 likiwashwa mpaka mwisho. Kwa nguvu hiyo betri haifikishi dakika 45. Kuchemsha lita moja ya maji ya chai kunakula wati-saa kama 110, na hizo ni chache. Mayai, chai na wali wa watu wawili umeme utavimudu. Maharage makavu ya kuchemka saa mbili hautayamudu, isipokuwa kwenye sufuria ya presha. Anayetaka umeme peke yake anunue betri mbili au tatu, inveta kubwa yenye waya mnene, na paneli za jua za kutosha juu ya paa. Paneli ya wati 200 siku ya jua zuri hurudisha wati-saa 800 hadi 1,000 hivi. Wengi waliokaa muda mrefu barabarani hutumia vyote viwili, umeme kwa vitu vya haraka na gesi kwa vya kuiva taratibu, na nadhani wana haki.

Sufuria ya presha isikosekane, hasa kwa anayepanda milima. Maji huchemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda juu. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, huchemka karibu nyuzi 94. Leadville, mji wa Colorado ulio zaidi ya mita 3,000, huchemka karibu nyuzi 90. Maharage yaliyoiva kwa saa moja na nusu Dar es Salaam yatakaa jikoni huko mpaka mtungi uishe. Sufuria ya presha hurudisha lile joto lililopotea, ikaokoa gesi na hewa yako pia, kwani moto wa nusu saa hutoa mvuke mdogo kuliko wa saa tatu.

Nimesema uzito ni jambo la kufikiriwa kabla ya vyombo, na hapa ndipo jiko la nyuma linadai nidhamu. Trela la ekseli moja la kipimo tulichotaja mara nyingi linaruhusiwa pauni 2,990 kwa jumla, yaani kilo 1,350 hivi. Lenyewe likiwa tupu limekula nusu tani au zaidi. Kitanda, mbao, betri, maji na chakula vyote hutoka kwenye kilichobaki. Tena uzito lazima ukae mahali pake: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ilalie pale mbele trela linapounganishwa na gari. Ukirundika nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na kwenye mwendo wa barabara kuu trela huanza kuyumba mpaka linamshinda dereva. Kwa hiyo ukiweka jiko nyuma, rudisha uzito mbele. Betri ziende mbele. Madumu ya maji yakae juu ya ekseli au mbele yake, maana dumu la lita 20 lina kilo 20 na mawili ni kilo 40. Vyombo vya chuma cha pua badala ya chuma kizito, sahani za melamini badala ya udongo. Kila droo iwe na komeo, kwa sababu droo isiyo na komeo hufunguka kwenye kona ya kwanza, na visu humwagika sakafuni watoto wakisubiri kuingia.

Kuosha vyombo hakuhitaji maneno mengi. Dumu la maji safi juu au chini na pampu ndogo, sinki ndogo, na chini yake dumu la kupokea maji machafu lisilopungua ukubwa wa lile la maji safi. Makombo yachujwe na kutiwa kwenye mfuko wa taka, maji machafu yakamwagwe panaporuhusiwa na kambi. Katika mbuga zenye dubu, kama Yosemite, chakula hufungiwa kwenye makabati ya chuma yaliyowekwa kambini, na masharti hayo yafuatwe neno kwa neno.

Kizima moto kitundikwe karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje unaweza kukifikia. Watu hukitundika juu ya jiko, na moto ukizuka hapo hawawezi kukishika tena. Mafuta ya kukaangia maandazi yakishika moto, usimwagie maji. Zima gesi, funika sufuria kwa kifuniko chake, uiache mpaka ipoe.

Sasa, msikilizaji uliyeko Mwanza, Kisumu, Zanzibar au Goma, huenda umekuwa ukijiuliza trela la Ohio lina nini na wewe. Kumbuka kile chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, maana gesi inaingia humo pia. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema na ninaliunga mkono kwa moyo wote, kwa ajili ya misitu yetu na mapafu ya mama zetu. Lakini maana yake ni kwamba mitungi mingi inaingia kwenye vyumba vya kupanga, vyumba ambavyo familia hulala na kupika humohumo, dirisha moja, mlango mmoja. Ule mtungi wa kilo 6 uliofungwa jiko juu yake umebeba propani na butani, na zote mbili hushuka sakafuni zikivuja. Sakafuni ndipo watoto wanapolala.

Hewa haijali kama chumba kina magurudumu au msingi wa mawe. Niliyomwambia ndugu wa Ohio nakwambia na wewe. Kama una ukumbi au kibaraza, pika hapo. Kama ni lazima upike ndani, fungua dirisha na mlango kabla ya kiberiti, na usipikie karibu na kitanda. Pima mpira wa gesi na kichwa cha mtungi kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi. Ukinusa gesi, usiwashe wala usizime taa. Funga mtungi, fungua mlango, toa watoto nje. Na jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata usiku mmoja, hata baridi ya Njombe au Limuru ikiwa imeuma.

Serikali na wauza gesi nao nawaomba jambo moja. Kila mtungi unaotolewa kwa familia kwa mara ya kwanza utolewe pamoja na dakika 10 za mafunzo, mbele ya mama na baba, wakiona povu la sabuni kwa macho yao. Wajenzi wa nyumba za kupanga waweke tundu la hewa chini ya ukuta na jingine juu. Gharama yake ni tofali mbili za matundu.

Na wewe unayelitengeneza trela lako wikiendi hii, chukua chaki uchore kwanza mahali pa feni na dirisha. Ukimaliza hapo, nenda ukanunue jiko.